Mama Alipotaka Kupungua kwa Uji

Juma lililopita mjukuu wangu alikuja na boksi la oti, ile nafaka ya uji wa Kizungu, kutoka supamaketi, akaliweka mezani na kuniambia kwamba kuanzia siku hiyo atakula hicho tu, asubuhi na jioni, mpaka siku ya harusi ya rafiki yake. Anataka kupungua. Akaniuliza kama naona ni njia nzuri kwa afya. Nikamwambia akae, maana jibu langu si fupi. Akatazama saa kwenye simu, akasema, "Bibi, nitapita tena." Basi jibu nakupa wewe, msomaji, ambaye angalau umeketi.

Miaka ya hamsini tulikaa Kariakoo, katika nyumba ya vyumba sita, ukumbi katikati na uani kwa nyuma. Vyumba vya mbele vilikuwa vyetu: Baba, Mama, Bibi mzaa Baba na sisi watoto. Vya nyuma tulipangisha. Baba alikuwa fundi katika karakana ya reli kule Gerezani, na king'ora cha karakana ndicho kilichotuamsha, si jogoo. Uani kila mwanamke alikuwa na jiko lake la mkaa, na hakuna aliyehitaji kuuliza jirani anapika nini. Nazi ikikunwa unasikia, kitunguu kikiingia kwenye mafuta unajua, na asiyepika kabisa anajulikana mapema kuliko wote.

Mama alikuwa mnene, na sisemi hivyo kwa kumsengenya. Alikuwa mnene kama wanawake wa mtaa ule walivyotamani kuwa. Akipita na kanga zake mbili kwenda harusini, watu walimwambia "umenawiri", lakini waliyekuwa wakimsifu ni Baba. Mwanamke mwenye mwili alikuwa na mume anayejua wajibu wake, basi, hapakuwa na mjadala. Baba hakuwa msemaji, ila siku za namna hiyo alitembea nyuma yake kidogo, taratibu, ili watu wamalize kutazama.

Tatizo likawa magoti. Kwanza Mama aliacha kwenda bombani, halafu akaacha kuchuchumaa jikoni, mwisho akawa anasali amekaa kwenye kiti kama bibi kizee, na umri wake haukufika hata arobaini. Hilo la kiti lilimuumiza kuliko maumivu yenyewe. Akipanda ngazi mbili za kibarazani alisimama kwanza atafute pumzi. Siku moja akaenda zahanati akanichukua nimshikie mwavuli. Daktari alikuwa Mhindi, na dresa, msaidizi wake wa kufunga vidonda, ndiye aliyetafsiri. "Daktari anasema moyo wako unafanya kazi ya watu wawili. Usipopungua, hutawaona wajukuu." Nilikuwa na miaka tisa au kumi hivi. Njia nzima ya kurudi nilimwangalia kifua kama kinapanda na kushuka. Niliogopa sana.

Daktari alisema apungue. Kwa njia gani, hakusema, au alisema na dresa hakuona haja ya kutufikishia. Kwa hiyo Mama alifikiri mwenyewe, na hivi ndivyo alivyofikiri: mgonjwa hunywa uji, na mgonjwa hukonda, kwa hiyo uji ndio unaokondesha. Usicheke. Hesabu hiyo hiyo ndiyo iliyomo ndani ya lile boksi la oti.

Akaanza. Wali akaacha, samaki akaacha, mihogo ya nazi akaisahau. Uji asubuhi, uji mchana, uji jioni. Ila Mama alikuwa mtu wa pwani, na kwake uji usio na tui na sukari ulikuwa maji ya kuoshea sufuria. Akaupika wa sembe nyeupe, iliyokobolewa na kuchekechwa mpaka inang'aa, akatia tui zito, iliki na sukari ya kutosha. Bakuli tatu kila mara, maana chakula alikuwa ameacha, ama sivyo? Gauni likazidi kumbana. Bibi alionja kijiko kimoja akakirudisha polepole.

"Mkwe wangu," akasema, "hii si dawa. Hii ni harusi."

Chumba cha nyuma alikaa mama mmoja Mchaga, Mkristo, ambaye mumewe alikuwa na duka la jumla karibu na soko. Yeye ndiye aliyempa Mama kibaba cha kwanza cha ulezi. Akamweleza kwamba kwao uji wa ulezi ni chakula cha nguvu, hupewa mzazi pamoja na maziwa na nyama ili mwili wake urudi. Mama alisikia ulezi. Maziwa na nyama hakuvisikia. Akawa anaukoroga mwepesi, chumvi kidogo na ndimu, na huo ndio ukawa maisha yake. Kuuchambua ilikuwa kazi yangu. Ulezi ni punje ndogo mno na mchanga wake umefanana nao. Nilikuwa nikiinamia ungo mpaka macho yakanitoka maji, na mpaka leo nikisikia mtu anausifu ulezi shingo inaniuma.

Safari hii alipungua, tena kwa kasi. Kanga ikawa inazunguka na kubaki. Akarudi kuchuchumaa jikoni, akaenda bombani mwenyewe. Ijumaa moja alitoka chumbani machozi yanamtoka, akamwambia Bibi, "Nimesujudu. Paji limegusa mkeka." Bibi akamshika kichwa wakalia wote wawili, nasi watoto tukalia kwa kufuata mkumbo. Sijui kama nimewahi kumwona na furaha kama ile.

Lakini nywele zilikuwa zinabaki kwenye kitana. Alisikia baridi Februari, mwezi ambao hata kuku wa Kariakoo hulala wamefungua mdomo. Alianza kusahau: aliacha chungu kikaungua huku amekikodolea macho. Akawa mkali kwetu bila sababu, halafu ananyamaza nusu siku. Ulezi haukuwa na kosa. Kosa lilikuwa kwamba haukuwa na mwenzake.

Na mtaa nao ulikuwa na macho. Kwa watu wetu uji wa mchana una sababu tatu tu: ugonjwa, uzazi au ufukara. Mama hakulazwa wala hakujifungua. Ikabaki Baba. Muuza samaki mmoja wa sokoni alinipa vibua vilivyofungwa kwenye jani la mgomba akaninong'oneza, "Mpe mama, baba asione." Kazini walimuuliza Baba kama ameongeza mke wa pili Jangwani. Maskini Baba, njia pekee aliyoifikiria ya kujitetea ilikuwa kununua. Akawa anarudi jioni na nguru mzima ameshikwa mkiani, anapita katikati ya mtaa ili kila kibaraza kione. Nguru yule tukawa tunamla sisi. Tukanenepa watoto, akanenepa Baba mwenyewe, Mama akazidi kwisha, na sasa kesi ikawa mbaya zaidi.

Habari zikafika Kisarawe, kwao Mama. Jumamosi moja mchana wakaja kaka zake wawili, Mjomba mkubwa na mdogo wake. Siku zote Mjomba alikuja na gunia la mihogo na nazi kichwani mwa mtu. Siku hiyo walikuja mikono mitupu, na Bibi alipoiona ile mikono akatuambia tutandike mkeka ukumbini haraka.

"Shikamoo, mama," Mjomba alimwamkia Bibi.

"Marahaba, mwanangu. Karibuni."

"Tumekuja kumtazama mtoto wetu."

"Mmeshamtazama, huyo hapo. Semeni."

Mjomba akamgeukia Baba. Hakupandisha sauti, na hiyo ilitisha zaidi. "Shemeji, tulikupa mtu mzima. Kama umeshindwa kumlisha, si aibu, mambo hubadilika. Turudishie. Sisi shamba bado tunalo."

Baba akamwonyesha Mama kwa mkono. "Muulizeni mwenyewe," akasema. "Mimi nikisema, mtasema najitetea."

Mama akawaeleza juu ya daktari na moyo. Mjomba akauliza ni daktari gani anayemwambia mwanamke mwenye mume wake anywe uji wa mgonjwa.

"Daktari hakusema uji," Mama alijibu. "Uji ni wangu mwenyewe. Lakini kaka, nilikuwa nasali kwenye kiti. Sasa nasujudu. Ukinichukua ukaninenepesha, utanirudisha kwenye kiti, na kutoka kwenye kiti utanipeleka kaburini."

Hapo nikaelewa kwamba Mama akienda Kisarawe anakufa, na akibaki hapa Baba amefedheheka. Sikuona upande wa kuombea.

Adhana ya alasiri ikaadhiniwa, wakakubaliana wasali kwanza. Wanaume mbele, Bibi, Mama na mimi nyuma yao. Rakaa ya mwisho tukasujudu. Tulipoinuka, Mama hakuinuka. Nilidhani anaomba dua ndefu. Bibi akaikata sala yake, akamgeuza, uso wake ulikuwa na rangi ya majivu. Mjomba akaja, akaingiza mikono chini yake, akamwinua peke yake kama mtu anayeinua nguo zilizokauka. Akasimama naye pale katikati ya ukumbi, hatembei. Nadhani alikuwa amejiandaa kwa uzito. Kisha yule mtu mkubwa akalia, mbele ya shemeji yake.

Mama alipozinduka na kupewa maji ya sukari, Mjomba alimwambia mdogo wake afungashe nguo za dada yao. Bibi ndiye aliyekwenda kukaa mlangoni pa chumba.

"Ukimwondoa leo," alisema, "Kariakoo nzima itasema mwanangu alimnyima chakula. Nikikukatalia, naye akafa, nitakuwa nimemuua mimi. Hakuna atakayeondoka. Kaa wewe hapa. Ukae umtazame anavyokula mpaka uridhike."

Kaka mtu kuhamia kwa mume wa dada yake ili kuchunga sahani! Sijalisikia tena jambo hilo kwa watu wetu, kabla wala baadaye. Lilikuwa tusi kwa Baba, na sote tulimtazama. Baba akafikiri, akaingia ndani, akatoka na kitanda chake mwenyewe cha kamba akakiweka ukumbini. "Utalala hapa, shemeji," akasema. "Usiku kuna upepo."

Jumatatu Mjomba akampeleka dada yake zahanati na akamtaka dresa aulize moja kwa moja: ale nini? Jibu halikuwa na ajabu yoyote. Ale kila kitu, kidogo. Ugali wa dona lenye pumba zake badala ya sembe, donge la ngumi moja. Kunde au maharage, mchicha mwingi, samaki wa mchuzi mwepesi. Uji anywe asubuhi kama watu wote, bila sukari. Na atembee.

Mjomba alikaa mpaka mvua za masika zikaanza. Kila mchana alikaa mkekani mbele ya Mama, anamwongezea kunde na Mama anamrudishia, wanagombana kama watoto, na Baba akirudi anaulizwa awaamue. Mchicha ulitoka Jangwani, na Mama aliufuata mwenyewe kwa miguu. Hakurudi kuwa mnene wa zamani, wala hakubaki yule wa ulezi mtupu. Mjomba alipoondoka, alimuaga Baba kwa mikono miwili. Mama aliwaona wajukuu, alisujudu mpaka uzeeni, na moyo ulisimama kwa wakati wake.

Kwa hiyo jibu ninalo. Nafaka nzima, kwa kiasi, pamoja na mboga, kunde na kitoweo, itakupunguza na kukuacha na nguvu zako. Nafaka peke yake itakupunguza kama kufiwa kunavyokupunguza. Na ukiitia sukari na tui, haitakupunguza kabisa.

Nyumba ile haipo. Pamejengwa ghorofa, chini maduka ya simu na vitambaa, juu watu ninaoambiwa hawajuani majina. Uani hakuna, majiko yako ndani nyuma ya milango iliyofungwa, na ukipita kwenye korido husikii anayekaanga wala hujui asiyekaanga. Ni usafi, sikatai. Moshi ule ulituharibia macho.

Mwaka jana tumbo lilinisumbua muda mrefu, chakula kikawa hakipiti, nikakonda nikabaki mifupa. Sikutaka kumsumbua mtu. Mwanangu wa kwanza alipita Jumapili moja na gari lake, akasimama mlangoni akanitazama juu mpaka chini, akatabasamu.

"Mama, umependeza," akasema. "Umepungua kweli. Unakula nini siku hizi?"

Nikamwambia ni vitu vya kawaida tu. Akanipongeza, akaondoka mapema ili kuikwepa foleni. Nilikuwa sijala tangu jana yake.