Siku Picha Zilipofungwa

Nina studio ya picha Bukoba mjini, chumba kimoja nyuma ya soko, pamoja na mashine ya kutolea kopi. Harusi, komunio za kwanza, misiba, picha za pasipoti: kazi ya miaka tisa yote ilikaa kwenye kompyuta moja. Nilikuwa pia na diski ya nje ya kuwekea nakala. Fundi aliyeniuzia alisema niichomoe kila nimalizapo kunakili, lakini kuchomeka na kuchomoa kulinichosha, nikaiacha ining'inie pale pale.

Kilichoniponza ni programu ya kusafishia picha. Muda wake wa kulipiwa ulikuwa umekwisha, na mwenzangu mmoja akatuma kwenye kundi letu la wapiga picha kiungo cha kuipata bure. Nilipoipakua, kinga ya virusi ikanionya. Nikaendelea, ikanionya tena. Nikaizima. Nilikuwa na albamu ya harusi ya kukabidhi siku ile na mwenye harusi alikuwa ameshapiga simu mara tatu.

Kesho yake asubuhi hakuna picha iliyofunguka. Kwenye kioo cha kompyuta palikuwa na barua ya Kiingereza iliyosema kwamba mafaili yangu yamefungwa, na kwamba nikitaka ufunguo nilipe. Nikakimbilia diski. Nayo ilikuwa imefungwa, picha kwa picha.

Yule fundi alikuja, akaketi, akatazama kwa muda mrefu.

"Diski uliichomoa?"

"Hapana."

"Basi kirusi kimeingia huko kama kinavyoingia chumba cha pili cha nyumba hiyo hiyo."

"Na nikilipa?"

"Utamlipa mtu usiyemjua. Akikaa kimya, utamdai wapi?"

Sikulipa. Alitafuta siku mbili kama kuna njia ya kuzifungua, hakupata. Akafuta kila kitu, akaanza upya, na mimi nikabaki na kompyuta safi isiyokuwa na kitu ndani. Nilichoka uchovu ambao kulala hakuuondoi.

Wiki ya pili akaja mama mmoja kutoka Ijumbi. Nilimkumbuka. Mwaka mmoja kabla nilipiga picha za harusi ya binti yake, na baba wa bibi harusi siku hiyo alivaa kanzu na koti jeusi, akasimama mbele ya kibanja chake, migomba nyuma yake, akiwa na furaha. Sasa alikuwa amefariki. Misa ya kumwombea ilikuwa imekaribia na mama alitaka ile picha, kubwa, yenye fremu.

"Waitu, mama yangu, picha hiyo sina tena," nikamwambia.

"Imeibiwa?"

"Ilifungwa. Haikufunguka tena, ikabidi ifutwe."

"Aliyeifunga ni nani?"

"Simjui, mama. Lakini mlango nilimfungulia mimi."

Nikamweleza yote, hata lile la kuzima kinga. Ningeweza kusingizia umeme, na wateja wengine wawili nilikuwa nimeshawasingizia. Kwake nilishindwa. Hakunikaripia. Alikaa kwenye benchi la wateja, akakunja risiti ya zamani ya studio aliyokuwa ameishika.

"Sisi nyumbani panya wanakula karatasi," akasema. "Ndiyo maana tukasema zikae kwako."

Nilimuuliza albamu ya harusi iko wapi. Binti alikuwa amehamia nayo Mwanza, na nyumba waliyopanga iliingia maji ya mvua, albamu ikaharibika. Lakini shemeji wa mama, mdogo wa marehemu, alikuwa Buganguzi, na baada ya harusi alinunua picha chache. Jumamosi nikafunga studio, nikapanda basi hadi Muleba, kisha bodaboda. Shemeji alinikaribisha ndani, akashusha picha ukutani. Marehemu alikuwemo: kanzu, koti, migomba. Jua lilikuwa limefifisha upande mmoja na kioo kilikuwa kimegandamana na karatasi kwenye kona. Niliitoa kwenye mwanga wa uani, nikaipiga picha upya mara nyingi, nikirudi nyuma na kusogea, hadi shemeji akaniletea kiti.

Niliisafisha siku tatu. Haikuwa kama ya kwanza. Nilimpelekea mama mwenyewe, kabla ya misa, nikakataa malipo. Aliishika mbali na uso, akaisogeza karibu.

"Ni yeye," akasema. Halafu: "Ila macho yake yamefifia."

"Ndiyo, mama. Sikuweza zaidi ya hapo."

Akaitundika. Tulikunywa chai, akanifungia ndizi za kurudi nazo mjini.

Wengine sikuweza kuwasaidia. Bado wanakuja, mmoja mmoja, na kila mmoja namweleza kuanzia mwanzo. Siku hizi nina diski mbili. Moja huchomekwa kila Ijumaa, nikimaliza kunakili naichomoa. Nyingine inakaa kwa dada yangu Muleba, na mwisho wa mwezi nazibadilisha. Programu nalipia. Flashi za wateja zinaingia kwenye kompyuta nyingine kuukuu, isiyo na picha yoyote. Dada analalamika kwamba nimegeuza kabati lake kuwa ghala. Kuna Ijumaa ninatamani niiache diski mahali ilipo niende nyumbani mapema. Naketi, nasubiri imalize.