Miwa ya Eliwaza na Ujumbe wa Nne

Eliwaza wa Vudeke aliishi mpaka meno yote yakamtoka, na maisha yake yote hakuwahi kumheshimu mwanamume aliyepanda mlima na mwavuli wakati mvua hainyeshi. Wajukuu walidhani ni uzee. Haukuwa uzee. Aliwajua watu wa miavuli tangu vita ile kubwa, Waingereza walipowafukuza Wajerumani na kuitawala nchi kijeshi, na Vudeke nayo ikapata bwana wake mwenye bunduki.

Bwana huyo alikuwa Aminiel, mtoto wa pale pale. Alikwenda vitani kubeba masanduku ya wanajeshi, akarudi na kofia nyekundu, buti mbili zisizofanana, na bunduki sita alizokabidhiwa na afisa mmoja pale stesheni ya Same ili aulinde mlima kwa muda. Muda gani, afisa hakusema. Siku ya pili Aminiel alilivunja baraza la wazee, akawagawia bunduki binamu zake watano, akaagiza aitwe Afande. Mama yake mzazi ilibidi amwite Afande, naye jana yake tu alikuwa akimfokea kwa kusahau kufunga mbuzi.

Sasa Vudeke, kama vijiji vingi vya Upare, iliishi kwa ndiva, yaani bwawa la udongo lililochimbwa na mababu juu ya mashamba. Maji ya kijito yalikusanyika humo, asubuhi mlinzi wa ndiva akazibua, na kila ukoo ukamwagilia kwa zamu yake. Mlinzi alikuwa Filemoni, mume wa Eliwaza, mtu mpole aliyeyajua maji kuliko alivyowajua watu. Aminiel alitaka shamba lake lipate maji kila siku. Filemoni akamwambia zamu yake ni Alhamisi. Kwa neno hilo tu akafungiwa katika banda la mbuzi, na gogo la kuzibulia ndiva likahamia chini ya kitanda cha Afande, likitoka kwa ajili ya shamba lake tu.

Eliwaza hakukaa kulia. Alishuka kwa miguu mpaka Same, siku nzima, akasimama mbele ya hema la afisa. Afisa alimsikiliza kupitia mkalimani huku akikata kucha.

"Bwana anasema huyo ni mtu wake," mkalimani alimwambia. "Hawezi kumwondoa kwa maneno ya mwanamke mmoja. Wafumwa wa milima ya jirani wakija wote kwa pamoja kumlalamikia, atasikia."

Wafumwa ndio machifu wa milima. Basi Eliwaza akarudi na tumaini, maana wafumwa wa jirani walikwisha kusema kwamba jambo la Vudeke linawakera. Maji ya Vudeke yalitiririka kwao pia. Na kweli walituma ujumbe. Kiongozi wake alikuwa Mzee Nathanaeli, mwenye koti jeusi, mwavuli, na sauti ya mtu anayependa kuisikia. Nyuma yake wenzake watatu, na kazi yao kubwa ilikuwa kuitikia.

Lakini kwa desturi ya milima ile, mgeni mwenye shauri hafungui kinywa kabla hajapewa dengelua, pombe ya miwa, na inayoitengeneza ni mikono ya wanawake. Aminiel akatoa amri, na Eliwaza akawa miongoni mwa waliokata miwa, wakaitwanga, wakaikamua, wakaitia matunda ya mvungunya ichachuke. Misheni walikuwa wamemkataza kuinywa. Kuitengeneza hawakuwa wamekumbuka kumkataza. Kwa hiyo alitwanga pombe ya kuwalainisha koo watu waliokuja kumwombea mumewe, na mumewe alikuwa hatua hamsini kutoka pale, akikohoa pamoja na mbuzi.

Wakanywa. Wakala jogoo wawili. Halafu Mzee Nathanaeli akasimama na kusema kwamba majirani wanaifuatilia hali ya Vudeke kwa karibu, kwamba wana wasiwasi, na kwamba wanamhimiza ndugu yao Aminiel alirudishe baraza. Ndugu yao akajibu kwamba atalirudisha baada ya mavuno ya maharage. Wakapiga makofi. Wakashuka.

Maharage yakavunwa, baraza halikuonekana. Ukaja ujumbe wa pili, na miwa ikakatwa tena. Mara hii wasiwasi ulikuwa mkubwa, na ahadi ikawa baada ya mvua. Mvua zikapita. Ukaja ujumbe wa tatu, wenye wasiwasi mkubwa sana.

Kila walipokuja, Eliwaza aliwaandalia, na kila walipoondoka alimkimbilia Mzee Nathanaeli njiani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Baba, Filemoni miguu imevimba. Twendeni Same, mkaseme nyote. Afisa ameahidi kusikia."

"Mwanangu, mambo haya yanataka subira. Tumepiga hatua. Na Same ni mbali, magoti yangu hayawezi."

Magoti yaliyokuwa yamepanda mlima kwa ajili ya kibuyu cha tatu hayakuweza kushuka kwa ajili ya mtu mmoja. Eliwaza aliwatazama wakiteremka, matumbo mbele, akatema mate chini. Aminiel alimtia hasira, lakini Aminiel alikuwa mwizi na alifanya kazi ya mwizi. Hawa walimtia kinyaa.

Hata hivyo katika ujumbe wa tatu alikuwa ameona kitu. Kibuyu kilikuwa kimechelewa kidogo, kwa sababu mtungi mmoja ulipasuka, na kwa muda ule mfupi uso wa Mzee Nathanaeli ukabadilika. Midomo ikakazana, shingo ikavimba. Miezi saba alikuwa amesimuliwa habari za kipigo na njaa na banda la mbuzi, na uso ule ulikuwa haujatikisika. Eliwaza akauweka moyoni uso huo.

Habari za ujumbe wa nne zilipofika, Aminiel akaagiza pombe kama kawaida. Miwa ya mlimani ilikuwa imekauka kwa kukosa maji, imebaki iliyokuwa ukingoni mwa kijito tu. Eliwaza akaenda kwa jirani yake Lea, na Lea akaenda kwa wengine, na siku hiyo hiyo mchana kweupe wanawake wakaikata yote wakawatupia ng'ombe. Ng'ombe wa Vudeke hawakuwahi kula vizuri vile.

"Miwa imekauka, Afande," Eliwaza akamwambia. "Inataka maji."

"Imekauka yote?"

"Ndiva umeifunga wewe."

Aminiel akatukana, akapekua mitungi, akafyatua risasi moja hewani, na risasi zenyewe zilikuwa nne. Haikugeuka kuwa pombe. Wageni walikuwa tayari wanaingia uani.

Wakakaa. Wakangoja. Hatimaye Aminiel mwenyewe, kofia imempinda, akawaletea kibuyu. Mzee Nathanaeli akakipokea kwa mikono miwili, akachungulia ndani.

"Maji?" akauliza.

Kwa milima ile, kumpa mjumbe maji matupu ni kumwambia aendelee na safari yake. Mzee Nathanaeli akasimama. Akamwita Aminiel mhuni, mnyang'anyi, mtesaji, mtu aliyewafunga watu wasio na hatia. Akamtaja Filemoni kwa jina. Alikuwa akilijua jina hilo muda wote! Kisha ujumbe mzima ukateremka moja kwa moja hadi Same, magoti na yote, na kesho yake walikuwa mbele ya hema wakishtaki kwa sauti moja, kwa niaba ya wafumwa wote.

Siku mbili baadaye afisa akatuma askari wawili. Wakazichukua bunduki sita na kofia nyekundu, wakaondoka na Aminiel, na mlima haukumwona tena. Filemoni akatoka bandani akishikilia ukuta. Mguu wake wa kushoto haukurudi ulivyokuwa, lakini asubuhi iliyofuata alibebwa hadi kwenye ndiva, na kwa gogo lake akaizibua mwenyewe.

Mwaka ulipogeuka na miwa ikasimama tena, Mzee Nathanaeli alirudi na wenzake kusherehekea. Akahutubia. Akasema Vudeke imekombolewa kwa busara na mashauriano, na kwamba milima mingine ijifunze. Watu wakapiga makofi, wengine hata walimwamini. Akakaa, akajipangusa jasho, akatazama upande wa jikoni.

Eliwaza akatoka na kibuyu kimejaa hadi shingoni. Harufu yake ikatangulia. Akawapita wajumbe wote wanne bila kugeuza kichwa, akapiga goti mbele ya Filemoni, aliyekaa pembeni na mguu wake juu ya kigoda. Filemoni akanywa taratibu, akanywa yote. Eliwaza akakipokea kibuyu, akakipindua chini, mdomo ukitazama udongo.

"Na sisi, mwanangu?" akauliza Mzee Nathanaeli.

"Nina wasiwasi mkubwa sana juu yenu, baba," Eliwaza akasema. "Yenu itakuja baada ya mvua. Nawahimiza msubiri."

Akaingia ndani kumenya ndizi. Alipochungulia jua likizama, walikuwa bado wamekaa, wote wanne, wanatazama mlango wa jikoni.