Misumari ya Mtoni na Bangili ya Tantine

Harufu ya mihogo iliyolowekwa, ile chachu inayoingia puani bila hodi, hunikumbusha ujinga wangu mkubwa kuliko wote, na nina mwingi wa kuchagua. Siku moja nilimfanya mtu mzima mwenye mashine achimbe mto kwa sababu yangu.

Kwetu Itebero mihogo michungu hulazwa kwenye vidimbwi vya ukingo wa mto mpaka ilainike. Mwenye haraka hutia misumari ya kutu. Kila mama alifanya hivyo, na hakuna aliyekiri, maana wanunuzi wa soko la Kibua wakisikia unga wako umeonja kutu, unarudi nao kichwani.

Tantine Furaha, mdogo wake Mama, alikuwa anaolewa Ntoto. Mama mkwe alimvika bangili nyembamba ya shaba, urithi wa wanawake wa nyumba yao, na Jumamosi angekuja kumchukua. Bibi harusi akikutwa mkono mtupu, kwao ni kwamba ameikataa nyumba. Hakuna anayeuliza mara ya pili. Basi Alhamisi, akitoa mihogo majini, mkono unateleza kama kambare, bangili ikachomoka.

Tuliisaka kwa vidole mpaka vikakunjamana. Tantine hakulia. Aliendelea kuosha mhogo mmoja uleule uliokwisha takata zamani, na hilo ndilo lililonitisha.

Jirani yetu Papa Kitoko akaleta detekteri yake ya kutafutia dhahabu: fimbo ndefu yenye sahani chini na kisanduku cha kupiga kelele juu. Ikalia kabla hata hajaanza, kwani mchanga wetu una vumbi jeusi la chuma. Akaishusha sahani, akaipandisha, akaishusha, polepole, kama anayembembeleza mtoto.

"Muache izowee udongo kwanza," alisema. Kisha akazungusha kitufe kuipunguzia masikio, akavua mukaba, ule mkanda wake wenye chuma. Ikanyamaza.

Halafu ikalia tena. Nikachimba: msumari. Ikalia: msumari.

"Hii iko ya nani?" Papa Kitoko akauliza.

"Sisi hatuwekake misumari," akajibu Mama Neema, jirani yetu wa upande wa pili. "Sisi tuko Wakristo."

Wengine wote nao walikuwa Wakristo. Wakati huo mvua ilikuwa imefunga juu ya vilima, na kila mtu alijua: mto ukijaa, bangili inasafiri.

Mimi, mtoto wa utaratibu, kila msumari niliutia mfukoni, nikatembea bega kwa bega na sahani. Mashine ikawa hailali. Papa Kitoko akachimba hapa, hakuna kitu. Akachimba pale, hakuna kitu. Akalaani betri na aliyemuuzia. Mwisho sahani ikapita karibu na gauni langu, ikapiga yowe.

"Eh! Kumbe huyu mutoto njo mugodi! Toka! Uvuke ngambo!"

Mimi, mgodi wenyewe, nikavuka na misumari yangu. Kutoka ng'ambo nilimwona Mama Neema akitazama mawingu, kisha akimtazama Tantine. Akakaza kitenge, akaingia kwenye kidimbwi.

"Kaka, usipoteze wakati. Pale, na pale, na chini ya lile jiwe. Iko yangu."

Akaanza kuing'oa misumari yake. Akafuata mwingine, kisha wote, kila mmoja akitoa kutu yake mbele ya macho ya wenzake, hata ya wale waliopanga naye meza moja Kibua. Vidimbwi vikabaki safi. Mashine ikapita kimya, kimya, kisha karibu na ukingo ikatoa sauti laini, ya mviringo.

"Chimba wewe mwenyewe, dada," Papa Kitoko akamwambia Tantine.

Akaitoa na tope lake. Hapo ndipo alipolia. Mvua ilitukuta njiani tukikimbia.

Kwa miaka mingi niliisimulia kama hadithi ya mashine. Mimi ni mtu wa nyumbani. Mawazo yangu nayo hayapendi kutoka. Juzi juzi tu, nikiloweka mihogo yangu na kutia nisichoweza kukisema hapa, nikaelewa: wale mama walitoa soko lao ili Tantine apate nyumba. Nikaenda kwa Mama Neema, mzee sasa, nikamwambia hivyo.

Hakuacha kumenya.

"Sasa njo unaelewa? Ile mashine haikukosea: kichwa yako iko chuma."