Samaki wa Mama Mkwe

Nichekeni, lakini mngojee nimalize. Mimi nimekulia Timbwani, huku Likoni, nikivua kwa mshipi wa mkono, na kwa mshipi, kidole kikihisi mtetemo, basi samaki yuko. Mgeni niliyekuwa nikimfanyia kazi alipokuwa akirudi kwao, aliniachia rodi nyembamba ya kuvulia, rili yake ya kukunjia mshipi, na kisamaki cha bandia kilichopakwa rangi. Akanionya: "Hiki chatetemeka chenyewe kikivutwa. Kitafutie rodi ngumu kidogo, na rili uizungushe polepole." Nikaitikia tu, wala sikusikiliza. Mtu wa Likoni afunzwe kuvua?

Jumamosi mama mkwe akaja kututembelea, nami nikaona leo ndiyo leo. Nyumba yetu iko karibu na ufuo, kwa hivyo wote nyumbani walikuwa wakinitazama. Nikatupa, nikazungusha rili mbiombio. Rodi ikatetemeka mpaka mabegani.

"Nimempata!" nikamwita mke wangu. "Mwanaisha, anza kukuna nazi!"

Akaikuna. Nikipumzika, mtetemo wakatika, nikizungusha, warudi. Majirani walikwisha kusogea na mabakuli yao, nikawaeleza kwamba huyu ni mjanja, ajifanya amekufa.

Mwisho kikatoka majini kile kisamaki cha rangi, peke yake, kikining'inia.

Mama mkwe akakishika, akakigeuza huku na huku.

"Mwanangu," akaniuliza kwa upole, "huyu tumpae magamba, au tumkwangue rangi?"