Barua ya Nne ya Mama Rosa

Rafiki zangu wa Mombasa, leo nimeaibishwa na Kiswahili changu kizuri.

Jirani yetu hapa Ngara, huku bara tulikohamia, Mama Rosa, hajui kuandika. Nimemwandikia barua tatu kwa mumewe aliyehamishiwa Kisumu, kwa lugha safi ya kwetu pwani.

Leo jibu likafika. Nikamsomea: "Nani huyu anaandika? Bibi yangu haongei hivi. Yeye iko mzima?"

Mama Rosa akacheka kidogo.

"Mtoto, andika vile nasema. Mimi iko, nangoja wewe."

Nikaandika hivyo hivyo.

Shuleni wenzangu hunicheka nikizungumza kama kwetu, basi siku nyingi nanyamaza.

Nijibuni, jamani. Msiandike kama mnamwandikia mwalimu. Andikeni kama tulivyokuwa tukizungumza uani, niwasikie.