Tangi la Maziwa Njia ya Kabazi

Ghasia za uchaguzi zilipotulia mwaka wa 2008, nilipata kazi katika ofisi ndogo mjini Nakuru iliyosimamia pesa za wafadhili. Nchi kadhaa za ng'ambo zilikuwa zimekubaliana kutia misaada yao katika mfuko mmoja, badala ya kila nchi kuja na gari lake, bendera yake na masharti yake. Kazi yetu ilikuwa kuhakikisha pesa hizo zinawasaidia watu wa Bonde la Ufa kuanza maisha upya. Mkubwa wangu alikuwa mzee wa Kihindi, mzaliwa wa Nakuru, aliyestaafu kutoka benki, na ambaye familia yake imekuwa ikiuza mabati na misumari mjini tangu enzi za babu yake. Yeye alishughulika na wafadhili. Mimi nilitumwa mashambani.

Kazi niliihitaji, lakini niliianza kwa hofu. Nilikuwa nikiishi mtaa wa Section 58 na mama yangu, mjane wa mfanyakazi wa reli aliyeletwa Nakuru kutoka magharibi na kazi hiyo. Januari ile tulikaa ndani mapazia yamefungwa, tukiongea Kiswahili hata tukiwa wawili peke yetu, mtu akipita dirishani asisikie lugha yetu. Sasa nilitakiwa kwenda kwa watu nisiowajua, kuwauliza ni nini kitakachowasaidia kukaa pamoja.

Safari yangu ya kwanza ilikuwa upande wa Subukia, njia ya kwenda Kabazi. Nilikuwa nimeambiwa niwaulize watu kuhusu mbegu na mbolea. Nilipofika nikakuta jumba lililoungua kando ya barabara, mabati yamejikunja, na ndani yake tangi kubwa la kupozea maziwa limepinda na kuwa jeusi kwa moshi. Mzee mmoja aliyevaa gambuti alikuwa akifyeka nyasi mlangoni. Nikamsalimia, nikamweleza nilikotoka.

"Unafyeka kwa nini, mzee, na hakuna kitu ndani?"

"Nyoka," akasema. "Na pia nimechoka kuona mahali hapa pakifanana na kaburi."

Alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha wafugaji kilichojenga jumba lile. Kikundi kilikuwa na watu wa pande zote mbili, wale wa juu ya barabara, ambao ni watu wake, na wale wa chini, waliofukuzwa na sasa wanalala kwenye mahema mjini. Katibu wa kikundi alikuwa mama mmoja wa upande wa chini. Tangu jumba liungue, lori la maziwa liliacha kuja. Maziwa ya asubuhi waliuza kwa majirani, na ya jioni waliyamwagia mbwa.

"Si mngenunua tangi lingine nyinyi mliobaki?" nikamuuliza.

"Hata tukinunua, lori haliji kwa maziwa ya nusu ya watu."

Kisha akanipeleka nyuma ya nyumba yake. Kwenye zizi kulikuwa na ng'ombe wake, na pembeni, amefungwa peke yake, ng'ombe mweusi wa gredi, wale wa maziwa mengi, na ndama wake.

"Huyu ni wa katibu," akasema, akipunguza sauti ingawa hatukuwa na mtu karibu. "Nilimtoa nyumba ikiwa bado inawaka. Watu wangu wananisema. Ukienda huko kambini mwambie amezaa. Mwambie ni jike."

Kesho yake nikaenda kambini. Nilimkuta yule mama ameketi mlangoni mwa hema, akichambua maharagwe. Alikuwa mama mnene, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuendesha mikutano. Nikamwambia niliyoyaona. Mikono yake ikasimama.

"Alimtoa yeye?"

"Ndiyo, mama."

"Na amezaa."

"Ndama jike."

Akarudia kuchambua maharagwe, kichwa ameinama. Nilidhani analia, kumbe amekasirika.

"Anaweza kuokoa ng'ombe," akasema. "Mwambie nimeshukuru. Na ukimaliza, umuulize kama hakuona watoto wangu wakikimbia."

Swali hilo sikumpelekea mzee. Niliona si langu la kubeba.

Nilirudi ofisini nikamweleza mkubwa wangu kwamba sitaki mbegu, nataka tangi la maziwa. Akavua miwani, akasugua macho. Mfuko wetu ulikuwa na mafungu matatu tu: nyumba za waliofukuzwa, pembejeo za kilimo, na vikao vya upatanisho. Tangi halikuwa nyumba, halikuwa mbegu, na hakuna ambaye angesema ni kikao.

"Nchi hizi zimeweka pesa pamoja," akasema, "lakini kila moja bado inaziangalia zake kwa jicho moja. Nikitoa pesa za fungu hili nikazitia kule, nitaandikiwa barua mpaka nizeeke mara ya pili."

"Basi tukatae?"

"Sijasema tukatae. Kaa chini, madam, tufikirie."

Tulikaa wiki nzima na jambo lile. Alikuwa mtu mgumu. Kila nilichosema alikipinga kwanza, ndipo akakitafutia njia. Mwishowe tukawapelekea wafadhili wazo kwamba wachange kutoka mafungu yote matatu, kwa sababu tangi lile lingewapa watu sababu ya kurudi, lingewapa kipato, na lisingeweza kufanya kazi bila pande zote mbili kukutana kila siku.

Mkutano ulifanyika katika hoteli moja mjini. Mwakilishi wa wafadhili alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, aliyesoma kila ukurasa tuliompa. Aliniuliza mimi, kwa kuwa ndimi niliyefika huko, "Na wale wa chini wasiporudi, tangi litakuwa la nani?"

Nilitamani kumpa jibu zuri. Nikasema, "Sijui. Likijengwa huenda wakarudi. Lisipojengwa, naona hawana cha kurudia."

Nilifikiri nimeharibu. Mkubwa wangu hakunitazama. Lakini yule mwanamke aliandika kitu, kisha akasema watakubali kwa sharti moja: komiti ya zamani ya kikundi iketi tena, watu wote wa pande zote, pale pale jumba lilipokuwa, kabla ya pesa kutoka.

Katibu alikataa katakata.

"Nirudi huko niketi na hao, ili wazungu wafurahi? Mimi si mtu wa kupigwa picha."

Nikamwambia sitakuja na kamera. Nikamwambia pia kwamba kama hataki, nitaenda kuwaeleza hivyo, na hakuna atakayemlaumu. Nikanyanyuka. Nilikuwa nimeshafika kwenye lango la kambi aliponiita.

"Huyo ng'ombe ana tabia ya kupiga teke akikamuliwa na mtu asiyemjua," akasema. "Nitakuja kumwangalia tu."

Tulimpeleka na gari la ofisi. Njiani tulipita mahali nyumba yake ilipokuwa imesimama. Hapo akageuza uso akatazama upande wa pili. Wanakomiti walikuwa wamekaa kwenye mawe mbele ya jumba, wa juu upande huu, na wachache wa chini waliothubutu kuja upande ule. Mzee alisimama akampa mama mkono. Hakuupokea.

"Siku ile ulikuwa wapi?" akamuuliza.

Mzee akarudisha mkono wake polepole.

"Nilikuwa ndani. Nilifunga mlango."

"Ulituona?"

"Niliwaona. Nilipotoka mlikuwa mmeshapita. Nikamkuta ng'ombe."

Hakujitetea zaidi ya hapo. Nilikuwa na maneno ya semina tayari kichwani, yale tuliyofundishwa kusema watu wakikwama. Namshukuru Mungu sikuyatoa.

"Nipeleke kwa ng'ombe," mama akasema hatimaye.

Wakaenda wawili. Sisi tulibaki pale tumekaa, mpaka kijana mmoja wa juu akamuuliza mwenzake wa chini kama ile pampu yake ya maji bado inafanya kazi. Waliporudi, mama alikuwa na kinyesi cha ng'ombe kwenye kiatu. Akaketi kwenye jiwe, akasema mkutano uanze kwa sala, na mtu asiombe kwa urefu.

Pesa zikatoka, na tangi jipya likasimikwa kabla ya mwaka kwisha. Asubuhi ya kwanza maziwa yalikuwa machache kuliko tulivyoahidi, kwa kuwa wengi wa chini walikuwa bado hawajarudi, na wengine hawakurudi kabisa. Walinunua vipande vya ardhi kwingine, na sikuweza kuwalaumu. Dereva wa lori alichungulia ndani ya tangi, akakunja uso.

"Mathe, haya ndiyo yote?"

"Ndiyo ya leo," katibu akamjibu. "Kesho uje."

Akaja. Alinung'unika kila siku, lakini akaja.

Mkubwa wangu alifika mara moja tu. Alizunguka jumba akigonga mabati kwa kidole, akasema fundi ametumia misumari ya bei rahisi, na wiki iliyofuata akaleta mingine ya dukani kwao.

Mara ya mwisho niliyokwenda, katibu alikuwa amehama kambini. Alinishika mkono tukashuka chini ya barabara hadi kwenye kiwanja chake, ambako mafundi walikuwa wamesimamisha nguzo. Ng'ombe mweusi alikuwa amefungwa kwenye kivuli cha mti wa parachichi, na ndama akimsukuma kiwele.

"Jikoni pawe huku," akaniambia, akichora mstari kwenye vumbi kwa mguu. "Upepo wa hapa unatoka kule juu. Sitaki moshi uingie wanapolala watoto."