Orodha ya Walioitikia Mwano

Barua ya pongezi niliyopewa inasema kwamba, siku ndege ya jeshi ilipoanguka ikikaribia kutua, nililinda eneo la ajali kwa utulivu. Nimefanya kazi ya masjala hadi kustaafu. Najua karatasi inavyoweza kusema nusu ya kweli. Hii ndiyo nusu iliyobaki.

Ilikuwa asubuhi, nje kidogo ya Tinde. Ndege ilipita chini mno juu ya pamba, ikalala ubavu, ikaangukia majaruba ya mpunga. Mara ukapigwa mwano, yowe la Kisukuma ambalo likisikika kila mtu huacha alichoshika na kukimbia. Nami nilikimbia, lakini kwanza nilirudi ndani kuchukua daftari.

Penye njia ya kuingilia majarubani nikanyoosha mikono. "Hapavukwi! Mali ya serikali hiyo. Kila mtu aandikishe jina kwanza!"

Wakatii. Wakapanga foleni na majembe yao mabegani, kwa sababu nilikuwa nimechomekea shati na sauti yangu ilikuwa ya ofisini.

Jirani yangu muuza maziwa akafika.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Jina?"

"Jina langu unalijua tangu nilipoolewa! Mwano huu ni wa watu au wa daftari?"

Akanipita na ndoo yake, akakanyaga mpunga. Alimkuta rubani kando ya mabaki, bado anapumua. Alipoita watu wa kumbeba, mimi nilikuwa namuuliza mzee mmoja kitongoji chake. Walipombeba hatimaye, alikata roho kabla hawajafika barabarani. Kama angepona, sijui. Sikuthubutu kumuuliza daktari.

Nilipeleka barua ya masahihisho kwenye ofisi iliyonipongeza. Karani akacheka: "Mzee wangu, faili limefungwa. Nani hurudisha pongezi?" Faili kufungwa na uongo ndani yake! Enzi zetu hilo lilikuwa kosa la nidhamu.

Basi nikaenda kwenye mkutano wa sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji, ambako asiyeitikia mwano husimamishwa mbele ya watu. Nikajisimamisha mwenyewe.

"Kaa chini, baba," mmoja akasema. "Wewe ulifika wa kwanza!"

"Alifika," jirani yangu akasema, bila kuniangalia. "Akatuzuia."

Katibu akaniuliza aandikeje.

"Andika alivyosema," nikamjibu. Nikabaki nimesimama mpaka alipomaliza.